Wifi Yangu Nahodha na Kijito cha Tatu

Wifi yangu ana miaka sabini na mmoja na bado anakata matete. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mtaani wakimtaja huanza na mengine: kwamba anaburuta mtumbwi kwa mkono mmoja, kwamba anagombana na bata kana kwamba ni majirani zake, kwamba mlango wa nyumba yake haujawahi kuona kufuli. Yote ni kweli. Lakini kazi yake ndiyo iliyomjenga, na kazi hiyo ndiyo niliyochelewa kuiona.

Nyuma ya karakana inayosuka mapazia ya matete kuna gati dogo la mbao nne. Kila siku saa kumi alasiri, jua likianza kupoa, anasukuma mtumbwi kutoka hapo na kuingia bwawa la kwanza. Kabla giza halijashika amerudi, matete yamelazwa mbele yake, marefu na manyoofu. Amefanya hivyo tangu akiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Karakana nzima inamwita Nahodha. Jina lilianza kama kejeli ya fundi mmoja aliyeona ajabu mwanamke kushika kafi. Fundi huyo alistaafu zamani, jina likabaki kazini.

Ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu. Nami, kwa miaka thelathini na minane ya ndoa na saba ya ujane, nilimweka mbali kidogo na sebule yangu. Sikumkosea adabu. Nilimpelekea salamu, nilimuuguza alipovunjika kidole, misibani tulikaa bega kwa bega. Lakini mimi nilikuwa mwalimu mkuu, mume wangu mchora ramani katika ofisi ya maji, na nyumba yetu ilikuwa nyumba ambayo wazazi walipita na watoto wao wakisema, someni mfike pale. Wifi alikuja na tope kwenye pindo la gauni, akaenda moja kwa moja kukaa jikoni. Mwenyewe alisema jikoni ndiko kwenye maongezi. Nilimwacha aendelee kusema hivyo.

Sebuleni, juu ya kabati la vitabu, ipo ramani. Inaonyesha mabwawa matano ya mji wetu na vijito vinne vinavyoyaunganisha mpaka mtoni, kila kimoja kimeandikwa urefu wake kwa mita. Chini kulia lipo jina la mume wangu kwa mkono wake mzuri. Ofisi ya maji ilitumia ramani hiyo miaka arobaini na zaidi, na nakala yetu iko ndani ya kioo. Kila Jumamosi asubuhi niliifuta vumbi. Siku ya mazishi yake nilisoma wasifu wake mwenyewe, sikumwachia mtu, nikasema kwamba alizikanyaga kingo zote za mabwawa yetu kwa miguu yake. Zamani nilimuuliza mara moja alipimaje. Alicheka tu, akasema alipima kwa uvumilivu. Hayo mengine ya miguu na kingo niliyajaza mimi.

Basi siku moja mhandisi wa ofisi ya maji aliniita kuhusu ramani hiyo. Ni binti niliyemfundisha hesabu darasa la sita, mwembamba, haongei maneno mengi. Alinivutia kiti, akageuza kompyuta upande wangu. Walikuwa wanaandaa ramani mpya kwa picha za angani. Akaniambia, kwa heshima zote, kwamba ramani ya mzee ilimshangaza: vijito vitatu vililingana na picha karibu mita kwa mita. Lakini kijito cha tatu, kati ya bwawa la tatu na la nne, kilizidi karibu theluthi. Mzee aliandika mita mia nne sitini na tano. Picha ilisema mia tatu hamsini na nane.

Nilikuwa nimebeba daftari la kazi la mume wangu, maana nilijua nitahitaji silaha. Tukalifungua. Ukurasa wa vijito ulikuwa na namba nne tu, bila neno lolote: 140, 96, 310, 175. Tatu ziliandikwa kwa wino, zimetulia kama jina lake lilivyotulia kwenye ramani. Ile ya tatu, 310, iliandikwa kwa penseli, imepinda na kutetemeka kama ya mtoto wa darasa la kwanza.

Mhandisi alipiga hesabu. Kila namba ukiizidisha kwa moja na nusu unapata mita za kwenye ramani. Akaniuliza namba hizo ni za nini. Nikajibu bila kusita kwamba ni hatua zake.

"Mwalimu," akasema taratibu, "hakuna binadamu mwenye hatua ya mita moja na nusu. Labda twiga."

Kisha akanieleza lililokuwa mbele yetu. Bodi ingekaa Jumanne. Mjumbe mmoja alikuwa ameshasema kwamba mzee aliitunga ile ramani mezani, akabahatisha vizuri mara tatu, mara moja ikamshinda. Kama hakuna anayeweza kueleza vipimo vilichukuliwaje, jina lake halingeingia kwenye ramani mpya. Yeye binafsi angependa libaki. Nilishukuru, nikabeba daftari langu, nikatoka wima. Lakini lile neno, aliitunga, nilitembea nalo mpaka nyumbani.

Niliwaza nifanyeje. Mwisho nikaona dawa ni kwenda kukiona hicho kijito, pengine kilikauka kipande, pengine matete yalikifunika picha isikione. Na aliyekuwa na mtumbwi ni mmoja tu. Jumamosi alasiri nilienda gatini nikiwa nimevaa viatu vyangu vya ngozi, mkoba mkononi, daftari ndani ya mkoba. Wifi alinitazama kuanzia chini kwenda juu.

"Vua viatu, wifi," akasema. "Bwawa halikagui."

Nikavua. Akanikalisha katikati ya mtumbwi, akaniambia nisishike kingo zote mbili kama mtu aliyekamatwa. Nilimwambia nataka kufika kijito cha tatu, kwa mambo ya ofisi. Hakuuliza mambo gani. Alisema jioni hiyo hana haraka, matete ya kesho yameshakatwa. Akatia kafi majini mara moja tu, na gati likarudi nyuma lenyewe.

Nimeishi mji huu tangu nilipoolewa. Nimepita barabara ya juu ya mabwawa maelfu ya mara, nikayaona kama mtu anavyoona mabati ya jirani. Sikujua kwamba ukiwa chini, usawa wa maji, mji wote unatoweka. Sauti za magari zilikatika kana kwamba mtu amefunga dirisha. Mbele yetu maji yalilala bila kunyanzi, yamebeba mawingu yote, na mtumbwi ulipita juu ya mawingu hayo bila kuyavunja. Nilikunja mikono mapajani kama nilivyowafundisha wanafunzi wangu kukaa.

Tulipofika mdomo wa kijito cha kwanza, matete yalisimama pande zote mbili marefu kuliko nyumba. Wifi akaanza kupiga kafi kwa mwendo mmoja, na nikasikia mnong'ono wake. Alikuwa anahesabu. Mimi nimefundisha hesabu maisha yangu yote. Mtu akihesabu karibu yangu siwezi kukaa kando. Nikahesabu naye kimoyomoyo. Kijito kilipinda kulia, kikapinda tena, kisha matete yakafunguka na bwawa la pili likatokea.

Nikasema mia moja themanini na moja. Akacheka, akasema hata yeye kapata hiyo hiyo, Mwalimu hajachakaa. Nikamuuliza anahesabia nini. Akasema mazoea tu, ndivyo anavyojua amefika wapi hata ukungu ukishuka.

"Leo zimezidi kwa sababu yako," akaongeza. "Mtumbwi mzito unasogea kidogo kwa kila kafi. Peke yangu hapa ni mia moja arobaini. Haijabadilika tangu nina meno yote."

Nilifungua mkoba, nikatoa daftari, ingawa nilikuwa najua kilichoandikwa. 140. Nikamuuliza kijito cha pili akiwa peke yake ni makafi mangapi. Akajibu bila kugeuka kwamba ni tisini na sita. 96. Nikafunga daftari.

Sitaficha kwamba kwanza nilikasirika. Nilimkasirikia mume wangu, nikamkasirikia na huyu aliyenipa mgongo akipiga kafi kama hakuna lililotokea. Nikamwambia, kwa sauti niliyokuwa nikiitumia ofisini kwangu, kwamba namba zake zimo kwenye daftari la kaka yake.

"Ndiyo," akasema. "Zingekuwa wapi?"

Halafu akanieleza, kipande kwa kipande, kati ya kafi na kafi. Kaka yake aliogopa maji. Alipokuwa na miaka sita alitumbukia bwawa la pili, hapo hapo tulipokuwa tunapita, na dada ndiye aliyemtoa kwa kumshika ukosi wa shati. Tangu siku hiyo hakukanyaga hata matope ya ukingo. Ofisi ilipompa kazi ya kuchora mabwawa alikaa siku tatu bila kula. Basi dada akamwambia akae mezani kwa mama yao na karatasi, yeye ataleta maji mezani. Kila jioni baada ya kukata matete alipitia pale na kutaja: makafi kadhaa, kisha unapinda kulia, jua likiwa begani, kisha makafi kadhaa. Kaka akachora. Walipima kwa kamba gatini wakaona kafi moja ni mita moja na nusu. Ilichukua mvua mbili na kiangazi kimoja, kabla mimi sijaolewa.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo.

"Ulikuwa hujaniuliza, wifi."

Alisema hivyo bila sumu, kama mtu anayetaja saa. Nilitazama maji. Nilikumbuka wasifu niliousoma kaburini, na yeye amesimama mstari wa pili, ananisikiliza nikitaja miguu iliyokanyaga kingo zote.

Kijito cha pili tulihesabu wote wawili, sasa kwa sauti. Mia moja ishirini na tano. Uzito wangu ulikuwa umeyazidisha makafi tena. Nikawa na namba mbili mkononi, na ya tatu mbele yangu. Kama yote yalitoka kwa wifi, basi kosa nalo lilikuwa lake, na huenda hata yeye alibahatisha siku hiyo kwa uchovu. Sikuweza kumwambia.

Tukatokea bwawa la tatu. Hapo hasira zangu zikachoka.

Ni bwawa kubwa kuliko yote. Mayungiyungi yalikuwa yameanza kujifunga, mamia kwa mamia, yote kwa pamoja, taratibu, kama darasa linalofunga vitabu. Kereng'ende wekundu walikuwa wamesimama hewani. Jua lilikuwa limeshuka mpaka maji na mbingu vikawa rangi moja, na sikuona mahali kimoja kinapoishia na kingine kuanza. Katikati ya hayo yote nilikiona kisiwa kidogo chenye umbo la sikio, na nikasikia mdomo wangu unasema kwamba nyuma yake kuna miamba miwili, mkubwa na mdogo, kisha ukingo unaingia ndani kama kiwiko.

Wifi aliacha kafi. "Nani kakwambia?"

"Nimekifuta vumbi miaka thelathini."

Mtumbwi ukateleza wenyewe ukakizunguka kisiwa. Miamba miwili ikatokea, mkubwa na mdogo. Kisha kiwiko. Machozi yalinitoka, na sikuyafuta, kwa kuwa aliyekuwepo alinipa mgongo. Kila mkunjo niliokuwa nikiupitisha kitambaa ulikuwa hapa umelala, na vyura ndani yake. Mume wangu hakuviona hivi. Aliviona kwa masikio, mezani kwa mama yake, na mkono wake haukukosea hata kiwiko. Sijui hadi leo yupi ni wa kustaajabisha zaidi, aliyebeba bwawa zima kichwani au aliyelipokea bila kulimwaga.

"Wifi," nikasema, "kijito cha tatu peke yako ni makafi mangapi?"

"Mia mbili thelathini na tisa."

Nikamwambia kwamba daftari linasema mia tatu na kumi. Nikaona mabega yake yakitikisika kidogo, nikadhani analia. Akasema tu nihesabu.

Tukaingia. Kijito cha tatu ni chembamba, matete yanakutana juu kama paa, na mwanga wa jioni unapenya kwa vipande vidogo. Nilihesabu kwa sauti kubwa kama niko mbele ya darasa. Nilipofika mia mbili thelathini na tisa hapakuwa na dalili ya bwawa. Nilipofika mia tatu nilianza kupunguza sauti bila kukusudia. Matete yakafunguka. Mia tatu na nane.

Nilibaki na namba hiyo mdomoni. Mia tatu na nane, mimi nikiwa ndani. Mia tatu na kumi, daftarini, kwa penseli inayotetemeka.

"Alikuwepo," nikasema.

"Alikuwepo. Hapo ulipokaa." Na kumbe hakuwa analia, alikuwa anacheka. "Kaningoja gatini jioni moja, kavaa suti. Kasema haiwezekani aandike jina lake kwenye kitu ambacho hajakigusa hata kidogo. Kashika kingo zote mbili kama wewe. Tulipofika hapa nikamwambia, hesabu na uandike, ukiandika hutaogopa. Akahesabu kafumba macho. Nilisahau kumwambia apunguze makafi yaliyoongezwa na uzito wake. Hayo mawili yaliyozidi yako ni viatu, aligoma kuvua."

Hatukuendelea kijito cha nne. Aligeuza mtumbwi taratibu kwenye mdomo wa bwawa la nne, ukapiga duara kamili, na mbingu yote ikazunguka nasi. Tulirudi bila kuhesabu.

Usiku huo sikulala mapema. Nilikuwa na njia ya mkato: niseme kwamba mzee alipima kwa makafi, mwenyewe, na siku ile alibeba mzigo. Lingepita. Hakuna wa kunibishia, na wifi asingefungua mdomo. Lakini nilipokuwa mwalimu nilimchapa kwa maneno mtoto yeyote aliyenakili jibu la mwenzake akaweka jina lake juu, na sikuona namna ya kumwekea mume wangu kanuni nyepesi kuliko ya watoto. Heshima ya nyumba yetu ningeweza kuilinda kwa ukweli tu. Na kama ukweli wenyewe ulikuwa mzuri hivi, nilikuwa naogopa nini? Jumatatu asubuhi nilimweleza mhandisi yote, pamoja na maji na ukosi wa shati, na kwamba wasifu niliousoma mbele ya watu ulikosea na kosa ni langu.

Alisikiliza. Kisha akasema anaamini kila neno, ila bodi haitaki imani, inataka kuona. Jioni hiyo hiyo akanichukua kwa gari lake mpaka mwisho wa kijito cha tatu, mahali penye ukingo mkavu, karibu na bwawa la nne. Wifi alikuwa ameshaenda na mtumbwi. Makubaliano yalikuwa aingie kijitoni peke yake, mtumbwi ukiwa hauna matete, na ahesabu kwa sauti.

Tulisimama tukingoja. Nilivua viatu nikavishika mkononi, maana ukingo ulikuwa na tope. Hapakuwa na upepo. Kwanza hatukusikia kitu. Halafu, kutoka ndani kabisa ya matete, ikaja sauti ya mwanamke mzee inayohesabu, ndogo na wazi, wala hatukuona mtu. Themanini na nne. Themanini na tano. Ilikuja ikikua. Bata wakaruka mahali fulani. Mhandisi alikuwa ameshika simu yake na karatasi, lakini aliacha kuandika. Mia moja sabini. Mia mbili. Hata mimi niliyejua jibu nilihesabu naye kimoyomoyo kama mtahiniwa. Mia mbili thelathini na saba, matete yakatikisika. Na nane, ncha ya mtumbwi. Na tisa, kisha uso wake juani, na kafi limeinuliwa.

Mhandisi alizidisha kwa moja na nusu, akatazama picha kwenye simu, akatazama tena. Mia tatu hamsini na nane na nusu.

"Ningeokoa kafi moja," wifi akatuambia kutoka majini, "lakini kulikuwa na bata wawili wapumbavu njiani."

Mhandisi akanigeukia, akaniuliza ramani mpya iandikwe vipi. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo tangu usiku wa Jumamosi, nikamwamuru kama namsomea imla. Mabwawa na vijito vilipimwa kwa kafi na dada, mkata matete, na jina lake kamili, siyo Nahodha. Yalichorwa na mdogo wake. Jina la dada lianze. Na kwenye maelezo ya kijito cha tatu iandikwe kwamba kipimo cha zamani kilizidi kwa sababu mchoraji alikuwemo mtumbwini. Akauliza kama hilo la mwisho ni lazima. Nikamwambia ndilo la lazima kuliko yote.

Wifi alisikia kila kitu. Akasema, kama wanaandika majina, basi Nahodha nalo waliweke pembeni kwenye mabano, watu wa karakana wasije wakadhani ni mwanamke mwingine. Nikamkubalia.

Mhandisi alifungua mlango wa gari, akanisubiri. Jua lilikuwa bado halijazama, na nyuma ya wifi kijito kilikuwa kimeshatulia kabisa, hakuna hata alama ya kafi. Nilimpa mhandisi viatu vyangu aviache nyumbani kwangu akipita, nikashuka ukingoni taratibu, nikakaa katikati. Safari hii sikushika kingo.

"Zitarudi kuwa mia tatu na nane," wifi akanionya.

"Hesabu," nikamwambia.